"Aina ya Ndege" Si Jina

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili iliyo karibu nawe, utafute keremkerem. Tafuta tiva. Tafuta pugi. Mara nyingi utakachokuta ni maelezo ya namna hii: aina ya ndege. Ukibahatika utaongezewa rangi, au utaambiwa kwamba ni mdogo. Basi, imetoka hiyo. Hebu jaribu kufanya hivyo kwa watu: Juma, aina ya mtu, mrefu kiasi. Sema hivyo kwenye msiba wa Juma uone kama utaondoka salama.

Nimeanza na kamusi kwa sababu kamusi haina mdomo wa kujitetea, lakini kesi yangu hasa ni na sisi, tunaosoma na kuandika fasihi kwa lugha hii na kujisifu kwamba ni tajiri. Chukua riwaya kumi za Kiswahili ulizozipenda. Tazama asubuhi zake. Jua linachomoza, umande unameremeta, na ndege wanaimba. Ndege gani? Mwandishi hasemi, mhariri haulizi, msomaji anapita. Hatungemvumilia mwandishi anayetuambia kwamba mhusika wake "alikula chakula" halafu "akapanda chombo" kwenda "mji fulani". Ila kwa ndege tunavumilia, kana kwamba juu ya vichwa vyetu kuna kiumbe kimoja tu chenye mabawa, kinachoimba kwa niaba ya wenzake wote.

Mimi naishi Gongoni, Tabora. Alfajiri ya hapa mwezi wa Oktoba, joto limekaza na mvua bado inazungushazungusha, haina "ndege". Ina tetere anayerudia sentensi ileile kama mwanafunzi wa madrasa anayehofia bakora. Ina shore wanaogombana kwenye mwembe. Ina dudumizi, ambaye sauti yake inashuka glu-glu-glu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, na wazee wakimsikia wanasema mvua haiko mbali. Ukiandika "ndege waliimba" umefuta yote hayo kwa mkupuo mmoja. Umemfuta hata yule mzee anayesikiliza, kwa sababu yeye hasikilizi "ndege", anasikiliza dudumizi, na kutokana na huyo anaamua kama leo atengeneze jembe au alale.

Mnaniambia hii ndiyo tabia ya Kiswahili, kwamba ni lugha ya bandari na biashara, haina haja na vidude vya porini. Si kweli, na ushahidi uko kwenye methali mnazozijua kwa moyo. *Kanga hazai ugenini.* Aliyetunga hiyo hakuwa amekaa mezani. Alimfuga kanga, akamhamisha, akasubiri mayai, hakuyaona, akasubiri tena. *Dua la kuku halimpati mwewe. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.* Hakuna mhenga aliyesema "ndege mwoga". Alimtaja kunguru, kwa kuwa kunguru ndiye mwizi anayejua mapema kuliko wote kwamba umeinama kuokota jiwe. Na yule bwana wa Pate aliyetunga Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha jinsi utajiri wa mji ulivyogeuka kuwa magofu, alitumia nini? Aliwaonyesha ndege wakilala kwenye madaka yaliyokuwa ya kupangia vyombo vya thamani. Lugha hii ilikuwa na macho. Sisi ndio tuliovaa miwani ya mbao.

Sasa nije kwa wale wanaoniudhi zaidi, maana hao ni wenzangu.

Tuko watazama ndege wachache hapa Tabora. Walimu wawili watatu, vijana wa chuo cha nyuki, dereva wa bodaboda mmoja ambaye macho yake yanaipita darubini yangu, na mzee mmoja mrina asali anayetuvumilia. Jumamosi tunatoka, mara nyingi kuelekea bwawa la Igombe, tunaandika tulichokiona. Na kila Jumamosi ugomvi ni uleule: tuandike jina gani? Wapo wanaoshikilia kwamba daftari litakubali Kiingereza peke yake. Kitabu kinachotegemewa katika ukanda huu, cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002, ni cha Kiingereza, programu za simu ni za Kiingereza, na takwimu zikipelekwa huko zinakopelekwa zinasomwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, wanasema, tusijichoshe.

Nimeona matokeo ya sheria hiyo kwa macho yangu. Mzee ananyoosha kidole juu ya mninga, anasema jina kwa Kinyamwezi, anaeleza kwamba huyo hutaga kwenye tundu, kwamba akilia jioni kwa namna fulani kuna nyoka karibu. Mwenye kitabu anamkatiza: "Sawa mzee, lakini kwa Kiingereza anaitwaje?" Mzee ananyamaza. Habari ya tundu, habari ya nyoka, hakuna aliyeiandika. Tukaandika jina la kitabuni, idadi moja, saa mbili na dakika kumi, tukasonga mbele tukijiona wanasayansi.

Wanaosema utazamaji ndege ni mambo ya Wazungu na wanaosema ndege waandikwe kwa lugha ya Wazungu tu, ni watu wale wale, hata kama wanarushiana maneno. Wote wawili wanaamini kwamba maarifa yalikuja hapa kwa meli. Hebu turudi nyuma kidogo basi, kwa sababu Tabora ni mahali pabaya sana pa kuja kusema uongo huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm alikaa Unyamwezi, sehemu iitwayo Kakoma na baadaye Igonda, akikusanya wanyama na ndege. Alifia Katanga mwaka 1884, akiwa bado kijana. Ngozi za ndege wake zilikwenda pwani kwa njia ileile ya misafara iliyopita hapa kwetu, zikavuka bahari mpaka Berlin, na huko wataalamu kina Anton Reichenow wakazifungua na kuzipa majina. Ndiyo maana leo yuko keremkerem mmoja anayebeba jina la Böhm, yuko mbayuwayu anayefanana na popo mwenye jina la Böhm, na yuko yule ndege mdogo wa kwenye miombo, mla wadudu mwenye madoa meusi kifuani, naye ni wa Böhm. Hata punda milia wa kwetu ameandikwa kwa jina lake. Simlaumu marehemu. Alifanya kazi yake, ikamuua. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyetoka Berlin, msituni, mwaka wa kwanza, alijuaje ndege yupi yuko kwenye mti upi saa ngapi? Aliambiwa. Kuna mtu wa Kakoma aliyemwonyesha, akamtajia jina, na jina lile halikupanda meli. Ngozi ilibebwa kichwani na mpagazi, ikahesabiwa, ikaandikiwa kibandiko. Neno lilibaki.

Na mizaha ya historia haiishi. Ndege mmoja mdogo wa kahawia wa jamii ya *Cisticola*, ambaye jina lake la Kilatini, *angusticauda*, maana yake ni mwenye mkia mwembamba, baadhi ya vitabu vya Kiingereza humwita kwa jina la mji wetu, Tabora. Simama stendi ya mabasi uulize watu hamsini kama wanajua kwamba kuna ndege duniani anayeitwa Tabora. Nimeshajaribu, ingawa sikufika hamsini, nilichoka kuchekwa.

Neno miombo lenyewe, kwani ni la nani? Wataalamu wa dunia nzima wanalitumia kwa misitu inayotoka hapa mpaka Angola. Wana ndege kadhaa ambao majina yao ya Kiingereza yanaanza na neno hilo hilo, miombo. Walilichukua kutoka vinywani mwetu kwa sababu lilikuwa jina sahihi la kitu halisi, na halikuiharibu sayansi yao hata kidogo. Kama miti yetu iliruhusiwa kuingia kitabuni na jina lake, ndege anayeishi juu ya mti huo amekosa nini?

Lakini kuna ndege mmoja anayeimaliza hoja hii, nami nitakaa naye kidogo. Ni mlembe.

Mlembe humwongoza mtu kwenye nyuki. Anakuja karibu, anapiga kelele za haraka haraka kama mtu anayetikisa kiberiti, anaruka mti wa mbele, anageuka kuangalia kama unafuata. Ukifika, wewe una moto na shoka, yeye hana. Unarina asali, yeye anakula nta na majana yaliyobaki. Hizi si hadithi za sungura na fisi. Jina lake la kisayansi, *Indicator indicator*, maana yake ni mwonyeshaji mwonyeshaji, mara mbili, na lilianza kwa Msweden Sparrman aliyemwandika mwaka 1777 baada ya kukaa huko Rasi ya kusini. Yaani Kilatini kimetafsiri tu kile ambacho warina asali wa Afrika walikuwa wanakijua.

Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha utafiti wao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, kwa Wayao. Wayao humwita mlembe kwa sauti ya ulimi unaotetemeka ikifuatwa na mguno. Watafiti walipotembea msituni wakicheza sauti hiyo, uwezekano wa kuongozwa na mlembe uliongezeka maradufu, kutoka asilimia 33 hadi 66, ukilinganisha na sauti nyingine. Hapo tayari ni ajabu. Ila mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walikwenda mbali zaidi. Walichukua wito wa Wayao na wito wa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, ambao wao hupiga mluzi, wakajaribu zote mbili katika sehemu zote mbili. Kwa Wahadzabe, mlembe aliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao. Niassa, karibu mara mbili kwa ile ya Kiyao kuliko mluzi wa Kihadzabe. Ndege ni wa aina moja, kitabuni ni ukurasa mmoja, lakini kila mahali amejifunza lugha ya watu wa mahali pale.

Soma tena hayo, ndugu yangu mwenye kitabu. Ndege mwenyewe anatutaka tuseme kienyeji.

Halafu kuna upande wa pili wa habari hiyo, ambao unaninyima raha. Kama mlembe hujifunza, basi pia husahau, au tuseme watoto wake hawatajifunza kitu ambacho hakuna mtu anayekisema. Zipo sehemu za Afrika ambako watu wameacha kumfuata, sukari inauzwa dukani, na mlembe wa huko haongozi tena watu. Hapa kwetu mambo yanakwenda upande huo. Misitu inakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, hilo kila mtu wa Urambo na Kaliua anaweza kukusimulia. Mzinga wa kisasa una faida zake, vijana wa chuo wamenieleza vizuri na nakubaliana nao, lakini mwenye mizinga nyuma ya nyumba hana sababu ya kuongea na ndege. Mzee wetu hupiga mluzi huku akigonga mti kwa kisogo cha shoka. Wanawe wako Mwanza na Dar es Salaam. Wajukuu wanajua milio ya simu. Siku mzee huyu akienda, mazungumzo yaliyoanza kabla ya misafara, kabla ya Mwarabu na kabla ya Mjerumani, yatakatika hapa, na kwenye daftari letu itakuwa imeandikwa kwa Kiingereza safi kwamba tarehe fulani ameonekana mmoja.

Msinielewe vibaya, sitaki tumfanye mlembe malaika. Hutaga mayai kwenye viota vya wenzake, na kinda lake huzaliwa na ncha kali kwenye mdomo, ambayo hutumia kuwaua makinda ya mwenye nyumba kabla hata hajafumbua macho. Huko Zambia ambako jambo hili lilirekodiwa, mwenye nyumba alikuwa ni nani? Keremkerem mdogo. Yule yule ambaye wafuga nyuki wanamrushia mawe kwa sababu anakula nyuki wao! Mfuga nyuki anayemaliza keremkerem anabomoa wodi ya wazazi ya mlembe. Sasa niambie ni mwandishi gani anahitaji kubuni mkasa wakati mkasa huo unapita juu ya kichwa chake. Usaliti upo, mauaji yapo, deni lisilojulikana lipo. Lakini mkasa huu huwezi hata kuuanza kama wote wawili umewaita "ndege".

Kuna kundi jingine, na hili lina nia njema, ndiyo maana linahitaji kusemwa kwa sauti. Ni wale wanaokubali kwamba Kiswahili kinahitaji majina, halafu wanakaa mezani na kuyatengeneza kwa kutafsiri Kiingereza au Kilatini, neno kwa neno, mpaka jina linakuwa refu kama namba ya gari: shore huyu, kichwa kile, mgongo ule, mkia vile. Mfano wangu ni korongo nyangumi. Ndege mkubwa wa kijivu, mdomo kama kiatu, anasimama kwenye matete masaa mengi bila kutikisika. Anapatikana magharibi mwetu kwenye ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, hektari zaidi ya milioni tatu, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Kwa nini nyangumi? Kwa sababu Mwingereza John Gould mwaka 1850 alimwita *Balaeniceps*, kichwa cha nyangumi, na sisi tukakinakili. Jamani, Malagarasi! Mvuvi wa huko atamwona nyangumi wapi? Mvuvi huyo anashinda kwenye mtumbwi, na ndege huyu ni jirani yake. Kabla ya kumletea nyangumi kutoka baharini, kulikuwa na ugumu gani kumuuliza yeye anamwitaje?

Najua jibu mtakalonipa. Majina ya kienyeji hayana mpaka, mtasema. Mnana ni jina la ndege wengi. Jina la Sikonge silo la Nzega. Kinyamwezi kinasema *noni*, Kiswahili kinasema ndege, mtu wa Lamu anasema nyuni, tutaelewana vipi? Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Kwa kuelewana kuna Kilatini, na kazi yake ni hiyo, tumwachie. Lakini msiniambie kwamba Kiingereza ndicho kilicho imara. Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yaliyotokana na majina ya watu, wakaanza na ndege kama 70 hadi 80. Wenyewe wanafuta na kuandika upya, nasi huku tunawafokea wazee wetu kwa kutojua majina ambayo wenye lugha wameyachoka.

Na hapo kwenye "jina moja kwa ndege wengi", tuangalie vizuri. Mara nyingi anayedai hivyo amemuuliza mtu mmoja, mara moja, njiani, tena kwa haraka. Mpe mzee nafasi na atakugawia hao mnana kwa viota vyao: huyu mlango wake chini, huyu ana mrija mrefu, huyu hujenga juu ya maji, huyu hufuata nyumba za watu. Hiyo si fujo, ni mpangilio, wenye vigezo tofauti na vya Berlin. Kwa mwandishi wa fasihi ni vigezo bora, maana vinaonekana kwa jicho na havihitaji maabara.

Tulipofika basi ni hapa. Daftari la Jumamosi sasa lina safu tatu. Ya kwanza ni jina alilolisema aliyemwona kwanza, kwa lugha yoyote aliyolisemea, pamoja na kijiji chake. Ya pili Kilatini, kwa wanaokihitaji. Ya tatu ni maneno aliyoyasema kuhusu ndege huyo, hata kama ni ya uchawi, hata kama ni ya bundi na kifo, yaandikwe kama yalivyosemwa. Mahali pa viota hatuandiki kabisa. Biashara ya kusafirisha ndege hai nje ya nchi ilipigwa marufuku mwaka 2016, na mwaka 2022 ilitangazwa kufunguliwa kisha ikasitishwa karibu papo hapo, kwa hiyo wenye nyavu bado wana matumaini na sisi hatuwezi kuwa wapelelezi wao. Wenzetu wawili wamekataa safu tatu na wameacha kuja. Nairobi wako watu wanaotembea kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu miaka ya 1970, na sidhani kama miaka yote hiyo hawakuwahi kununiana.

Kwa watunga kamusi nina ombi dogo: mkifika kwenye toleo lijalo, kila mahali mlipoandika "aina ya ndege" wekeni alama, halafu mtumeni mtu mmoja, si lazima awe profesa, akae mwezi mmoja Sikonge msimu wa kurina asali. Kwa waandishi sina ombi, nina swali. Ile asubuhi ya ukurasa wako wa kwanza, uliyoiandika juzi ukaipenda: nani alikuwa anaimba? Kama hujui, toka nje kesho saa kumi na mbili kasoro umuulize jirani anayefagia uwanja. Usiende na kitabu.